Nilivyofundisha Hesabu Nikiwa Eda

Vijana wangu mliobaki na chaki, nimestaafu juzi tu na tayari mmenitumia ujumbe: "Mwalimu, tuandikie ulivyoanza kufundisha kwa vifaa vya kidijitali." Nimecheka peke yangu mpaka jirani akauliza kulikoni. Hilo neno kidijitali nimelijua uzeeni. Sisi tulianza na simu za mkononi, redio kaseti na mama mkwe. Lakini mmeuliza wenyewe, basi someni, na atakayesinzia atamalizia kesho.

Nilifika Kilwa nikitokea kwetu Nyangamara, na sanduku la bati na cheti kipya. Shule ilikuwa upande wa barabara ya kwenda Mitole, madarasa yake yana madirisha ya matundu tu, mvua ikija upepo unafuta ubao kabla yako. Mkuu wa shule alinipokea vizuri, akanionyesha kiti, akasema, "Alhamdulillahi, sasa tuna hesabu." Nikamuuliza hesabu nitafundisha na nani. Akanitazama kama nimeuliza mvua inatoka wapi. "Na wewe," akasema. Shule nzima! Kidato cha kwanza mpaka cha nne! Nilikaa kwenye kile kiti mdomo wazi, chai ikapoa.

Vifaa vilikuwa rula ya ubao iliyoliwa na mchwa na bikari isiyo na mguu mmoja. Duara nilichora kwa kamba ya katani, msichana mmoja ashike ncha ya katikati, mimi nizunguke na chaki. Mpaka leo naweza kuchora duara la kamba likawatia aibu hao wenye projekta.

Kilichokuwa kikinikera si bikari. Ni kwamba tangu shule ile ifunguliwe, hakuna msichana hata mmoja aliyewahi kufaulu hesabu kwenye mtihani wa taifa. Hata mmoja! Niliposikia nilidhani mkuu anatania. Wavulana walikuwa wakifaulu wachache, wasichana hola. Nikasema moyoni, mimi ni mwanamke na ndiye hesabu ya shule hii, litawezekanaje jambo hili mbele ya macho yangu? Kidato cha nne cha mwaka ule nikakiwekea nadhiri kabisa. Darasa lile lilikuwa na wasichana wenye akili, niliziona daftari zao. Lakini ukiuliza swali, kimya. Kabla hujamaliza kuuliza, kuna kijana mmoja anaitwa Bakari, sauti kama mashine ya kukoboa, ameshapiga kelele, "Mimi mwalimu! Mimi hapa!" Msichana mmoja, Somoe, mwembamba, anatoka Mitole, alikuwa akijua jibu na akiinamia dawati kama aliyeiba.

Ndiyo miaka kampuni za simu zilipoanza kusimika minara huku kwetu. Mwaka uliotangulia ukitaka kupiga simu unakwenda mjini kupanga foleni, mwaka huu muuza dagaa ana simu kiunoni. Mshangao tuliokuwa nao, nyie hamwezi kuujua. Na kompyuta nazo zikaja, za mtumba, kwenye lori, zimefungwa kwa maturubai. Tulipofungua boksi la kwanza ndani mlikuwa na kiota cha panya. Mbili zilikubali kuwaka. Mkuu akaziwekea chumba, kufuli mbili, na amri ya kuvua viatu mlangoni. Wazazi walikuja kuzitazama wakavua viatu hata kabla ya kuambiwa.

Aliyezielewa ni mwenzangu wa fizikia, Mwalimu Chitanda, Mmakonde wa Newala, Mkristo, mcheshi, mkono wake haukosi bisibisi. Alikuwa akienda Lindi kwenye kibanda cha intaneti, anapakua masomo ya hesabu na mitihani ya zamani, anarudi nayo kwenye flashi. Safari ya kwanza alirudi na virusi, vikala kila kitu, hata ripoti za mkuu. Mkuu alitaka kujua hivyo virusi vimepitia wapi na chumba kina kufuli mbili. Safari ya pili mambo yakakaa sawa. Siku Chitanda alipoikokota kompyuta mpaka darasani, akawasha jenereta, na mstari wa grafu ukajichora wenyewe kwenye kioo, darasa zima lilisema "Aaah!" kwa pamoja. Mimi nilisema kwa sauti kuliko wote.

Basi tulipokuwa tumeshika kasi, mume wangu akafa.

Issa hakuumwa siku nyingi. Homa, hospitali, kisha nikaitwa pembeni na muuguzi. Sitaandika zaidi ya hapo. Alikuwa mtu mwema, na simu niliyokuwa nayo ni yeye aliyeniletea kutoka Dar, akanifundisha kuandika ujumbe huku akinicheka vidole. Nililia mpaka sauti ikakauka. Halafu siku ya kwanza ya akili kunirudia, nimevaa nyeupe, nimeketi kwenye mkeka chumbani, nikakumbuka: eda ni miezi minne na siku kumi. Mtihani wa taifa ungekuja wiki chache tu baada ya hapo. Na shule haina mwalimu mwingine wa hesabu! 

Nilikaa eda kwa wakwe zangu, Kivinje. Mama mkwe wangu tukimwita Binti Mfaume, kwa jina la baba yake kama ilivyo huku. Mwanamke mfupi, mkavu, hasemi mara mbili. Eda kwake haikuwa jambo la mzaha. Sitoki, simwoni mwanamume asiye maharimu yangu, yaani yeyote anayeweza kunioa, hata shemeji, na yeye hanioni, sijipambi, sijifukizi. Sikuwa na ubishi. Nilikuwa namwombolezea mume wangu, na ndivyo nilivyolelewa.

Lakini wazo lilinijia: mwili wangu uko eda, hesabu zangu je? Nikamtumia Chitanda ujumbe. Akajibu neno moja tu, "Subiri." Baada ya siku kadhaa akawa ameunganisha waya wa sikioni wa simu ya shule na redio kaseti ya mkuu, ile kubwa ya spika mbili. Mimi naongea chumbani Kivinje, darasa linanisikia kwenye redio. Hatua za hesabu ziko kwenye kompyuta, kila ukurasa wa kioo tukiuita kata, nikisema "Kata ya tatu," mwanafunzi anabonyeza, kata ya tatu inatokea. Gharama ya simu ilitutisha, lakini kampuni zilikuwa zikigombania wateja, moja ikatangaza kupiga bure alfajiri mpaka jua linapochomoza. Kwa hiyo ratiba ya hesabu ya shule ile ikapangwa na kampuni ya simu. Watoto walifika darasani na giza.

Asubuhi ya kwanza nilisali, nikafunga mlango, nikapiga. Simu ikapokelewa. "Shikamoo mwalimu!" Darasa zima! Machozi yalinitoka hapo hapo. Nikaanza milinganyo, wakanifuata, Bakari akaanza yake. "Rudia hapo mwalimu, sijashika! Rudia tena!"

Sasa, nje ya dirisha langu shemeji yangu Athumani, mdogo wake marehemu, alikuwa anapita kwenda kuchota maji ya udhu. Akasikia sauti nzito ya mwanamume ndani ya chumba cha mjane wa kaka yake, alfajiri, eda haijafika hata arobaini.

Sikusikia hodi. Nilisikia mlango ukisema pwaa! na komeo likaruka likatua kwenye mkeka. Athumani huyo katikati ya chumba, macho yamemtoka, mkononi kashika mchi. "Yuko wapi? Yuko wapi huyo?" Mimi nimejikunyata ukutani nimejifunika shuka gubigubi. Akainama uvunguni mwa kitanda. Akapiga pazia kwa mchi. Akafunua gunia la korosho, sijui alidhani mwanamume anaenea humo! Na ile simu, imelala kwenye mto, ikasema kwa sauti ya Bakari, "Mwalimu? Upo?"

Athumani aliruka, haki ya Mungu, akagonga kichwa kwenye kibatari cha ukutani. "Lahaula! Mwanamume mwenyewe yumo humo?"

Binti Mfaume akaingia. Akatazama mlango, akatazama mchi, akanitazama mimi chini ya shuka. Nikaeleza, maneno yanagongana. Nilingoja anipasue. Badala yake alimgeukia mwanawe.

"Na wewe umeingia kwa nani?"

"Mama, nimesikia mwanamume chumbani!"

"Umesikia mwanamume ukaingiza mwanamume? Wewe ni nani, mwanamke? Mkamwana yuko eda, wewe umemvunjia mlango unamtazama! Toka!"

Athumani alitoka na mchi wake, uso umemshuka. Nikataka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Lakini mama mkwe hakuwa amemaliza. Akanyoosha mkono, nikampa simu. Akaifunga kwenye pindo la kanga yake. "Sauti ya mwanamume haiingii chumba hiki," akasema. "Mwanangu hajaoza kaburini." Akatoka.

Hapo niliona dunia imefunga. Nilijua kule shuleni wamekaa wanaitazama redio. Siku zikapita. Chitanda alikuja mpaka barazani, akapiga hodi, akaanza utani wake. Binti Mfaume akamjibu kwa utani kwamba Mmakonde atakunywa uji kwanza, ya simu baadaye. Alimpa uji kweli, akanywa, akaondoka bila simu.

Kisha wakaja wasichana. Wanawake hawana kizuizi cha kuingia kwa mjane, waliingia mpaka mkekani kwangu, wakanishika mikono wakanipa pole. Walikuwa wametembea kwa miguu kutoka shuleni. Mama mkwe alikaa mlangoni akichambua mchele. Nikadhani watalia kidogo waondoke. Ghafla Somoe, yule asiyesema, akamgeukia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Bibi, tunaomba mwalimu wetu."

Binti Mfaume hakuinua uso. "Si mna mkuu wa shule?"

"Mkuu ni wa historia, bibi."

"Na huyo Mmakonde?"

"Amejaribu. Amesema hesabu zetu zina mambo yamemtoka kichwani."  "Bibi, shule yetu hakuna msichana aliyefaulu hesabu. Hata mmoja. Na sisi tukienda hivi hivi, tutarudi nyumbani kama wenzetu."

 Sikuwahi kumsikia mtoto yule akisema sentensi tatu mfululizo. Mama mkwe akaweka ungo chini.

"Hata mmoja? Tangu lini?"

"Tangu ifunguliwe, bibi."

Akanigeukia mimi. "Kweli hayo?"

"Kweli, mama."

 Halafu akafungua pindo la kanga, akaiweka simu juu ya mchele. "Sikilizeni. Nilichosema nimesema. Sauti ya mwanamume haiingii humu. Wasichana ndio watakaosema na mwalimu, wanaume wakae kimya kama mizigo. Na mimi nitakuwepo hapa. Nikisikia mmoja tu, simu hii naitia kisimani."

Ndivyo tulivyoendelea. Kila alfajiri Binti Mfaume anakaa kando yangu na tasbihi, sikio kwenye simu. Wavulana walipewa alama: kugonga dawati mara moja, tumeelewa, mara mbili, bado. Mwenye swali amnong'oneze msichana, msichana aniulize. Siku moja mtu alikohoa. "Nani huyo?" mama mkwe akadakia kwenye simu. Somoe akajibu, "Ni Bakari, bibi, ana mafua." "Mwambieni akakohoe nje." Tukasikia viatu vikitoka.

Mwanzoni ilikuwa tabu tupu. Bakari ananong'ona, msichana anakosea kuuliza, mimi najibu kisichoulizwa, dawati linagongwa mara mbili, mara mbili tena kwa hasira. Maana huwezi kumuulizia mtu swali usilolielewa wewe mwenyewe. Ikabidi waelewe kwanza Bakari amekwama wapi. Wakaanza kumbana hapo hapo, nawasikia: "Umekwama hapa au hapa? Hii umeipataje?" Mimi Kivinje nimeshika simu, nangoja.

Halafu asubuhi moja Somoe akasema, "Mwalimu, Bakari anauliza kwa nini alama imegeuka." Nikavuta pumzi nieleze. Akasema, "Basi mwalimu, acha. Nimeshamwambia." Na dawati likagongwa mara moja, ko! Nilibaki nimetoa macho. Mama mkwe akaniuliza, "Kuna nini?" 

Tangu hapo sauti ziliongezeka. Asha, Mwanaidi, Siwema, majina niliyokuwa nikiyaita kwenye mahudhurio tu. Walibishana na mimi! Waliniambia kata ya tano ya Chitanda ina kosa, nikahesabu kwenye mkeka kwa mkaa, nikakuta ni kweli. Huyo mtu wa kwenye intaneti alikosea, sijui yuko nchi gani. Chitanda naye akanitumia ujumbe: "Dada, njoo uone. Bakari anamnunulia Somoe maandazi."

Eda ikaisha. Niliogeshwa, ikasomwa dua, nikalia upya kwa ajili ya Issa. Asubuhi yake nilipiga pasi sketi yangu nyeusi, nikaenda shule. Miezi yote ile nilikuwa nikiiwaza siku hiyo: nasimama mbele yao, nawaona, wananiona. Darasa lilisimama, wavulana wakapiga makofi mpaka mkuu akachungulia dirishani. Nikashika chaki. Nikauliza swali la kwanza.

"Mimi mwalimu! Mimi hapa!" Bakari na wenzake, mikono juu, wamesimama kabisa, kama maji yaliyofunguliwa. Nikawatazama wasichana. Somoe alikuwa ameinamia dawati. Asha anachezea kalamu. Nikamwita Siwema kwa jina, akasimama, mdomo ukafunguka, na kabla hajatoa neno watatu wameshamjibia. Akaketi. Nikawakemea wavulana, wakatulia kidogo, wakasahau. Hawakuwa wabaya. Walikuwa na furaha tu ya kuniona. Kipindi kizima sikusikia sauti ya msichana.

Kengele ilipogonga, Somoe akanyanyua mkono.

"Mwalimu, samahani. Tunakupenda, na tumefurahi umekuja."

"Asante, mwanangu."

"Lakini tunaomba urudi kwenye simu."

Mama yangu wee! Nilihisi nimezabwa kibao. Nilimtazama nikidhani nimesikia vibaya. Wasichana wote walikuwa wananitazama, hakuna aliyecheka. Miezi ile yote nimekaa kwenye mkeka nikingoja kuwaona, na wao wananifukuza! Nilikusanya vitabu nikatoka bila kuaga. Ofisini nilimwambia Chitanda kwa hasira, hawa watoto hawana shukrani. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Dada, umewasikia leo?"

"Nani?"

"Wasichana. Umewasikia?"

  Nilikaa mpaka walimu wote wakaondoka.

Kesho yake alfajiri nilifika shuleni, sikuingia darasani. Niliingia stoo ya majembe, ukuta mmoja tu na kidato cha nne, nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikapiga simu. Redio ikalia ng'ambo ya ukuta. Nikasema wavulana wagonge kama zamani. Hakuna mwanamume aliyenizuia wala mama mkwe aliyenisikiliza. Nilikaa kwenye stoo ile kila asubuhi mpaka wiki ya mtihani, na kila asubuhi iliniuma, msidanganyike.

Matokeo yalipobandikwa nilikwenda kuyasoma. Somoe alikuwa amefaulu hesabu. Asha amefaulu. Mwanaidi amefaulu. Siwema alikosa kidogo, nikalia kwa ajili yake pale pale mbele ya watu, halafu nikasoma upya majina ya wale watatu, nikarudia tena, siamini. Nilipompelekea habari Binti Mfaume alisimamisha tasbihi katikati ya uradi, akasema, "Watatu?" Kisha akasema, "Allahu akbar," akaendelea.

Bakari naye alifaulu, alama nzuri kuliko zote za darasa. Sasa ni mhandisi, ana kitambi na heshima zake. Tulikutana Lindi harusini, akanitambulisha kwa mkewe: mwalimu wangu huyu, shikamoo moja haimtoshi. Mkewe akauliza kwa furaha, "Kumbe ndiye aliyekufundisha hesabu?"

Bakari akacheka, akatikisa kichwa. "Hapana," akasema. "Hesabu nilifundishwa na Somoe."